Maji Katika Jina

Dedet alilipa bata mmoja na shuka ya kitani.
Akasema, "Nichongee mume wangu ameketi.
Asisimame tena. Alisimama miaka yote,
mzega begani, akinywesha vitunguu vya hekalu."

Nikamkalisha.
Jiwe la chokaa, refu kama kiwiko hadi ncha ya kidole,
juu limepinda jinsi mbingu inavyopinda,
na macho mawili mapana ya kutazama machweo,
na mbweha, Mfungua Njia, amejilaza masikio wima.
Mbele ya Senebi meza. Mikate nimeisimamisha kama matete
(ndivyo tulivyofunzwa: mkate uliolala hauonekani),
paja la ng'ombe, na kitunguu kimoja
ambacho hakuniagiza mtu.

Chini yake maneno, yale yale ya kila jiwe:
sadaka aitoayo mfalme kwa Osiri, bwana wa Abido,
ili Osiri naye ampe Senebi
elfu ya mikate, elfu ya bia, elfu ya ng'ombe na ndege,
na upepo mtamu wa kaskazini puani mwake.

Mimi si mwandishi. Mwandishi hutangulia na wino mwekundu,
mimi hufuata na patasi, kama punda na njia ya jana.
Siku ile jua kali, wino umefifia,
inzi, jasho, mwanangu analilia jino linaloota.
Nikaruka alama moja.

Hakuna aliyejua.
Tulilisimika kwenye mchanga wa juu, kando ya njia
ambako kila mwaka mashua ya mungu hupita mabegani mwa makuhani,
Osiri akipelekwa kaburini, Osiri akirudi hai,
ili Senebi naye achungulie, apate chochote kinachomwagika.
Dedet alilipapasa jina kwa kidole kilicholowa bia.
"Hapa ndipo alipo?"
"Hapo ndipo alipo," nikasema.

Ni kijana wa hekaluni, mwanafunzi wa herufi,
aliyesimama siku ya maandamano akasoma kwa sauti:
kitambaa kilichokunjwa, kisha mguu.
Akacheka. "Sebi? Sebi ndiye nani? Maji yako wapi?"

Kwa maana katikati ya Senebi kuna maji,
mstari mmoja wenye meno, wimbi dogo lisilofika pwani.
Bila hilo si yeye. Na huko Magharibi
mtu ataitikaje karamuni kwa jina la mwingine?
Elfu ya mikate inafika, inauliza mlangoni,
inaambiwa hayupo.

Miezi saba.
Meza imejaa, koo kavu,
yeye aliyebeba maji ya watu.

Nilikwenda usiku na patasi nimeificha kwapani kama mwizi.
Dedet alikuwapo, na mtungi wake, akimimina mchangani.
Nikakiri. Nikangoja matusi, ningeyapokea.
Alikaa kimya mpaka mchanga ukanyonya tone la mwisho.
"Kumbe ndiyo sababu anakuja ndotoni akiomba maji.
Mimi nilidhani ni mazoea ya kazi."

Akashika taa.
Nafasi haikuwapo tena kati ya kitambaa na mguu,
hivyo maji niliyachonga juu, begani mwa jina,
madogo, yamepinda kidogo, kwa kuwa taa ilikuwa ikitikisika,
au mkono.

"Sasa soma," akaniambia.
Sijui kusoma. Lakini hilo moja nilikwisha kulijua,
nikalitamka pole pole, na yeye akalirudia nyuma yangu
kama anayemwita mtu aje kula, chakula kisipoe.

Langu halimo katika jiwe lile, wala sikuliomba.
Lakini wewe upitaye, upendaye kupumua,
hudaiwi bata wala shuka.
Pumzi ya kinywa haimalizi ghala la mtu.
Ukifika pale mstari unapopinda
usiharakishe.
Tamka na maji.